Mgeni Rasmi na Wenye Ngoma: Sherehe za Jamii na Fahari ya Taifa Nchini Tanzania

Katika ratiba nyingi za sherehe za kitaifa nchini Tanzania, ngoma za asili huwekwa kati ya wananchi kuwasili na mgeni rasmi kuwasili. Wachezaji walioamka alfajiri, wakavaa njuga na kupasha ngoma moto, hucheza huku watu wa itifaki wakipanga viti vya jukwaa kuu. King'ora cha msafara kikisikika, mshereheshaji huwashukuru na kuwaomba wasogee pembeni, na wimbo hukatwa kabla haujakolea. Wengi hawalioni hilo kuwa jambo la kusemea. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi utamaduni tunalipa uzito, kwa sababu katika dakika hizo chache hubainika sherehe ni ya nani, na fahari inayosemwa kuwa ya taifa inatoka wapi.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na baada ya sensa ya mwaka 1967 mwananchi haulizwi tena kabila lake wala dini yake anapohesabiwa. Uamuzi huo umesaidia sana kuzuia siasa za kuhesabiana, lakini haukuwa na maana kwamba makabila yafutike. Kinyume chake, tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia Bunge kwamba ameunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kuwa wasomi wengi walijua kucheza rumba, chachacha na twist, ilhali hawajawahi kucheza, na wengine hata kusikia, ngoma kama gombe sugu, mangala, kiduo na lelemama. Kwake, nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya kuwafanya taifa.

Yaliyofuata yanahitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria katika Tanganyika, na baadhi ya waliokuwa machifu wakapewa kazi katika serikali mpya. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wakati huohuo ngoma zilikaribishwa mjini. Serikali, kwa maneno mengine, ilichukua ngoma na kuacha kiti cha uchifu. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilikusanya michezo ya makabila mbalimbali na kuifanya ya jukwaani, na sindimba ya Wamakonde, iliyokuwa na wakati wake na sababu zake za kuchezwa, ikawa burudani ya viwanja vya ndege na sherehe za chama. Sitasema hilo lilikuwa kosa tupu, kwa sababu bila hatua hiyo mtoto wa Bukoba asingejua kuwa kuna kitu kinaitwa sindimba. Lakini kilichohama kilikuwa mwendo wa kiuno na mlio wa ngoma. Mwaliko, sababu na hukumu ya watazamaji wanaoijua vilibaki kijijini.

Sherehe za dola zenyewe zina historia ya kisiasa ambayo vijana wengi hawaifahamu. Usiku wa kuamkia uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera juu ya kilele cha Kilimanjaro, kilele ambacho Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao na ambacho leo tunakiita Uhuru. Mbio za Mwenge zilianza mwaka 1964, na siku hizi kilele chake huangukia tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Zamani zilikuwa karibu sana na chama; baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992 zilibidi zitetewe kama shughuli ya serikali na ya wote, na mabishano kuhusu gharama zake hayajaisha. Saba Saba ni mfano ulio wazi zaidi. Tarehe 7 Julai 1954 ndipo TANU ilipozaliwa, na kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa ya chama bila kificho. Katika nchi ya vyama vingi isingewezekana kuendelea hivyo, na leo ukimwuliza kijana wa Dar es Salaam Saba Saba ni nini, atakuelekeza kwenye maonesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa.

Mwaka 2015, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliagiza kwamba siku ya Uhuru iadhimishwe kwa kufanya usafi, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa ajili ya sherehe zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam. Wapo waliofurahi na wapo waliokosa gwaride lao. Mimi huutumia mfano huo kuonyesha tofauti moja ya msingi: sherehe ya dola ina mtu mwenye mamlaka ya kuifuta kwa tangazo moja. Zipo sherehe nyingine ambazo hazina mtu wa namna hiyo.

Bulabo ni mojawapo. Hufanyika Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, kuanzia sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, Wasukuma wanapokuwa wametoka kwenye mavuno. Jina lenyewe lina maana ya maua, kwa sababu ya maua yaliyotumika kupamba maandamano ya Ekaristi. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha kituo na makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, aliunganisha ibada hiyo na mashindano ya ngoma yaliyokuwepo tangu zamani. Kwa hiyo tunayo sherehe ya Kisukuma, yenye tarehe ya Kanisa Katoliki, iliyopewa sura yake ya sasa kwa msaada wa mgeni kutoka ng'ambo, na hakuna Msukuma anayeiona kuwa si yake.

Namna ya kushindana ndiyo inayostahili kuelezwa. Wachezaji wamegawanyika tangu zamani katika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo inasimuliwa kuwa zilitokana na wafuasi wa manju (viongozi na watunzi wa ngoma) wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja kikiwa na eneo lake, na watazamaji wako huru kutembea. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Basi manju hutafuta kila njia ya kuwavuta: atatunga wimbo wa kumkejeli mpinzani, ataleta chatu na kumviringisha mwilini, au vijana wa bagobogobo, ngoma ya majembe, watarusha majembe hewani na kuyadaka kwa mpigo mmoja. Dawa za kuvuta watu nazo zinatajwa waziwazi, bila haya. Ghafla utaona ukingo wa umati upande mmoja umelegea, watoto wakiwa wa kwanza kukimbia, kisha akina mama, kisha hata wazee waliokuwa wameapa kutouhama upande wao. Manju aliyeachwa hujua kabla hajaambiwa na mtu yeyote.

Hapo kuna jambo ambalo sherehe nyingi za kiserikali zimelikosa, nalo ni uwezekano wa kushindwa mbele za watu. Pale ambapo kila kikundi kitapigiwa makofi yaleyale na kupewa bahasha ileile, hakuna sababu ya kutunga wimbo mpya, na ndiyo maana vikundi vya burudani vimezoea kuimba sifa zinazobadilishwa jina tu la kiongozi.

Ni hukohuko Kisesa ambako, Septemba 2021, katika tamasha la utamaduni, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Chifu Hangaya. Wakosoaji waliuliza inakuwaje nchi iliyofuta uchifu mwaka 1963 imvike rais wake mavazi ya chifu; waliounga mkono waliona ni heshima ya mila kwa mwanamke wa kwanza kushika urais. Pande zote mbili zina hoja. Ninachokiona mimi ni kwamba kile kiti kilichoachwa mwaka ule hakikutoweka, kilikaa pembeni kikisubiri, na siasa ikakihitaji. Mzanzibari Mwislamu kukubaliwa kwa jina la Kisukuma mbele ya machifu wa bara ni jambo ambalo katika nchi nyingi lingezua ugomvi, na hapa lilizua mjadala tu.

Songea kuna mfano wa aina nyingine. Kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Vita hivyo vya 1905 hadi 1907 viliyaunganisha makabila mengi ya kusini na mashariki, na hivyo taifa lina haki ya kuviita vyake. Lakini waliozikwa pale wana wajukuu wanaojulikana kwa majina, na hao ndio wanaoshika nafasi ya mbele. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, alikutana na familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika vita hivyo, ambayo imekuwa ikidai fuvu la babu yao. Wahehe, waliopigana na Wangoni vikali katika karne ya 19, leo ni watani wao, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kuzuia jeneza mpaka alipwe.

Kwa waandaaji wa sherehe za halmashauri na mikoa, ushauri wangu ni wa kawaida kabisa: wape wenye ngoma muda unaotosha wimbo kwisha, waulize wao ngoma ipi inafaa siku hiyo, na ikiwezekana mgeni rasmi awe ameshaketi ngoma ikianza. Wanaotaka kuona jinsi hali inavyoweza kuwa waende Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi Julai, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jua wenye asili ya Uajemi. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka unaokwisha, wanawake huzunguka wakiimba vijembe, na kibanda cha makuti huchomwa moto huku wazee wakitazama moshi unakoelekea. Viongozi wa serikali huhudhuria na hupewa viti. Lakini desturi ya siku ile inataka kila nyumba iwe na mgeni wake, na wenyeji wa Makunduchi wataendelea kuwakaribisha wapita njia mezani mpaka jioni, muda mrefu baada ya magari ya msafara kuondoka.