Ukiiona sarafu ya kale Kilwa, iache ilipo

Maji yakipwa, ufukwe wa Kilwa Kisiwani hubaki umetapakaa vigae. Vingi ni vya vyungu vya hapa hapa, vingine vina rangi ya kijani iliyoiva na vilitoka China. Na mara mojamoja, hasa mvua ikishaosha udongo, hutokeza sarafu ya shaba, ndogo kama ukucha wa dole gumba.

Sarafu hizi zilitengenezwa Kilwa. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande zote mbili yana kina kimoja, yaani yanaishia kwa sauti moja. Ukizisoma kwa kufuatanisha, ni ubeti. Kila nikiishika moja, hilo hunigusa kuliko hata umri wake.

Moja, yenye jina la al-Hasan ibn Sulaiman, ilipatikana Great Zimbabwe, bara huko kulikotoka dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo. Huyu ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, mwaka 1331, na ndiye aliyejenga kasri la Husuni Kubwa juu ya genge. Sarafu yake kukutwa kule inatuonyesha biashara ya Kilwa ilifika wapi.

Sasa linganisha na hizi. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu za Kilwa mchangani, visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ziliokotwa tu, bila kuandikwa zililala na nini. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Ndiyo maana tunawasihi wanakijiji na wageni wanaovuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko: msizitie mfukoni. Chukulia sarafu imelala chini ya sakafu ya chokaa ambayo haijavunjwa. Ilianguka kabla sakafu haijawekwa, basi sakafu hiyo haiwezi kuwa kongwe kuliko sultani aliyeandikwa. Kwa sarafu moja tumepata kikomo cha umri wa sakafu hiyo. Ihamishe, na ushahidi huo umepotea. Hakuna maabara itakayourudisha.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, hata kama umevikuta shambani kwako. Usiisugue sarafu kwa mchanga wala ndimu, maandishi yatafutika. Ipige picha kwa simu, chomeka kijiti pembeni, kisha umwite mlinzi wa magofu au mtendaji wa kijiji aje apaone mahali penyewe.