Kikundi cha WhatsApp cha Darasa Kiko Chini ya Sheria

Tangu muhula uanze, malalamiko ya wazazi wa Lamu kuhusu masomo ya mtandaoni yamezidi ofisini kwetu. Tulitarajia ya bando na mtandao unaokatika. Mengi ni ya namba za simu na picha za watoto.

Nimeshika chaki kabla ya kuingia ofisini. Najua mwalimu hufungua kikundi kwa nia njema, kazi ya nyumbani iwafikie wote kwa pamoja. Lakini hapo hapo namba ya mama wa Faza au Siyu huonekana na kila aliyemo, na si ajabu akaanza kupigiwa usiku na mwanamume asiyemjua. Walimu hutujibu, "Si wote ni wazazi?" Si wote. Simu nyingi huku ni za nyumba nzima. Msimu wa kaskazi, simu ya baba huenda naye baharini, hivyo alama zilizotumwa kikundini husomwa chomboni kabla mtoto mwenyewe hajazijua, na anayetaka majibu ya hesabu kabla ya adhuhuri atangoja mpaka chombo kirudi.

Tumieni orodha ya matangazo iliyomo humo humo WhatsApp. Ujumbe humfikia kila mzazi peke yake na namba hazionekani, mradi awe ameihifadhi namba ya mwalimu. Alama zitumwe kwa mzazi husika tu.

Kuhusu picha, kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi, tena taarifa itumike kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Idhini iwe ya jambo mahususi. Aliyekubali mwanawe arekodiwe akisoma shairi darasani hajakubali awekwe kwenye tangazo la kusajili wanafunzi, hata jina likifichwa. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Mzazi anaweza kuondoa idhini wakati wowote. Akiomba picha ifutwe, shule ina siku 14 za kumjibu. Akitaka kujua shule imehifadhi nini kumhusu mtoto, siku 7. Asiporidhika, hupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Ya mdomo huandikwa na ofisi hiyo yenyewe. Uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90. Faini hufika shilingi milioni 5 au, kwa taasisi, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kitakachokuwa kidogo. Wanaodhani ni vitisho wakumbuke Septemba 2023, shule moja nchini ilipotozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila idhini ya wazazi.

Walimu wakuu watuletee fomu zao za idhini kabla ya kuzichapa. Zenye mstari mmoja wa "nakubali yote" tutazirudisha.