Magongo ya Mwenzako Si ya Kuchezea

Mhasibu anayetembelea magongo ameyaegemeza ukutani, anafanya kazi. Saa saba anataka kwenda kula, ananyoosha mkono, hayapo. Yamefichwa nyuma ya kabati. Ofisi nzima inaangua kicheko: "Tunakutania tu, kaka." Naye anacheka, maana akinuna ataambiwa hana utani.

Mfano wa namna hii ndio unaozua ubishi tunapofundisha haki za kazini. Sawa, utani tumekua nao. Mhehe na Mngoni wanataniana hata msibani. Lakini mtani hujibu. Huyu atamjibu nani, na atamkimbiza kwa miguu gani?

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwemo, na kinahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi hiyo kuwa ni ubaguzi. Kumwita mwenzako mwenye ualbino "dili", katika nchi ambako watu wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, hakuwezi kuitwa mzaha.

Ipo sura nyingine ambayo mimi naiona mbaya zaidi, kwa kuwa inakuja na huruma. "Dada, wewe pumzika, hii tutampa mwingine." Safari hapangiwi, semina hapelekwi. Kiziwi anakaa kikao kizima bila mkalimani, akiuliza anaambiwa atasimuliwa baadaye. Ikifika tathmini ya mwaka, hana cha kuonyesha, na bosi anashangaa kwa nini hapandi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye waajiriwa 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Asilimia hiyo inaweza kutimia kwenye karatasi huku wenyewe wamekalishwa tu.

Yakikukuta, usikimbilie kuacha kazi. Andika tarehe, saa, maneno yenyewe yalivyotamkwa na waliokuwepo. Lalamiko lipeleke kwa maandishi kwa ofisa rasilimali watu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukikwama, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ukajaze Fomu Namba 1. Kama umeachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro. Kwa migogoro mingine ni siku 60, na wengi huzimaliza wakisubiri ile "tutalifanyia kazi". Pale Tume, ukishaonyesha kwamba dalili za ubaguzi zipo, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba haukutokea, au kwamba kilichofanyika hakikutokana na ulemavu wako.

Na zile stika walizokutengenezea kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, najua zinauma kuziona. Usizifute, wala usijitoe kwenye kundi kabla hujazihifadhi.