Hayabusa Mpya Haijanyongwa, na Dhana Nyingine Zinazonichosha Gereji

Pikipiki kubwa hapa Dodoma si nyingi na wenye nazo wanajuana. Ndiyo maana uvumi ukianzia Area D asubuhi, jioni umeshafika Kisasa na Nzuguni. Uvumi wa sasa ni huu: Suzuki waliinyonga Hayabusa ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka 2021. Mteja anaegesha, hata kofia hajavua: "Fundi, ya zamani ilikuwa na hospawa 197, hii wameishusha mpaka 190. Nitolee hiyo katalisti, nifungie ekzozi ya wazi, ipumue." Katalisti ni kile kifaa ndani ya ekzozi kinachosafisha moshi.

Takwimu zenyewe ni za kweli. Toleo la 2008 lilitangazwa kwa hospawa 197 kwenye mizunguko 9,500 kwa dakika. La 2021 ni hospawa 190 kwenye mizunguko 9,700. Hata nguvu ya msokoto katika kilele chake imeshuka, kutoka nyutoni-mita 155 hadi 150. Kosa liko kwenye hitimisho. Mtu anachukua namba moja, ya sehemu moja ya mzunguko wa injini, anaifanya kuwa ndiyo pikipiki nzima.

Nataka ujiulize swali moja: mizunguko 9,700 unaifikia wapi? Ukiwa gia ya kwanza tu, Hayabusa ikifika hapo umeshavuka kilomita 110 kwa saa, na ndani ya mji sheria inakupa 50. Ukiwa gia ya sita kwa mwendo wa 100, injini inazunguka chini ya mara 4,000 kwa dakika. Unaweza kutoka hapa ukapita Kibaigwa ukafika Gairo, ukalipita kila lori njiani, na mshale wa mizunguko usiguse 9,000 hata mara moja. Hizo hospawa saba unazozililia ziko mahali ambapo huendi.

Mahali unapoendesha kila siku, kati ya 3,000 na 7,000, ndipo mainjinia walipofanyia kazi. Ujazo haukuguswa: sentimita za ujazo 1,340, kipenyo cha silinda milimita 81, mwendo wa pistoni milimita 65, mgandamizo 12.5 kwa 1. Ndani ndiko kulikobadilika. Pistoni ni mpya na nyepesi zaidi, konrodi zimebadilishwa, njia za oili kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zimerekebishwa, kebo ya mafuta imeondolewa na kazi yake inafanywa kwa umeme. Kubwa kuliko yote ni kemshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu.

Hapa naomba tuelewane, maana ndipo ugomvi wote unapoishia. Kuna kipindi kifupi ambacho valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zote ziko wazi kwa pamoja. Injini ikizunguka kwa kasi sana, kipindi hicho kikiwa kirefu kinasaidia, kwa sababu moshi unaotoka kwa nguvu unavuta hewa mpya nyuma yake. Injini ikizunguka taratibu kinageuka hasara. Mafuta mabichi yanapenya yakatoka na moshi kabla ya kuungua, na moshi nao unarudi ndani na kuchukua nafasi ya hewa safi. Suzuki walikifupisha kipindi hicho. Wakapoteza kidogo kule juu, wakapata zaidi chini na katikati, na Suzuki wenyewe wanasema hii ndiyo Hayabusa inayoondoka kwa haraka kuliko zote walizowahi kutengeneza.

Ndiyo, sheria za Ulaya zilichangia. Euro 5 ilianza kuzibana pikipiki za muundo mpya Januari 2020, na ilishusha kiwango cha mafuta yasiyoungua kwenye moshi kutoka gramu 0.17 hadi 0.10 kwa kilomita. Lakini mafuta yanayotokea nyuma bila kuungua ni mafuta uliyoyalipia kituoni na hayakukusukuma hata hatua moja. Kuyazuia yasipotee si kunyonga injini.

Halafu kuna jambo ambalo wanaobishania hospawa saba hawaligusi kabisa. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hiyo peke yake. Hospawa 190 za kiwandani hapa zinakuwa kama 170, na zile 197 za toleo la zamani nazo zinashuka hadi kama 177. Mtu akipanda nayo kutoka Pwani akahisi imelegea, kahisi sawasawa, ila anamlaumu asiyehusika. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ina sensa inayosoma mgandamizo wa hewa na kupunguza mafuta yaendane na hewa iliyopo. Oksijeni ambayo haipo haiwezi kuileta. Na ekzozi ya wazi vilevile haiwezi.

Sasa nikueleze kinachotokea mtu akishakata katalisti kwa grainda kwenye gereji ya jirani. Moshi unapita kwa wepesi tofauti na hesabu zilizomo kwenye kontroli boksi. Sensa ya oksijeni inasoma vitu visivyoeleweka, au imechomolewa kabisa na taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Katika mwendo wa kawaida mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, na injini inaungua moto kupita kiasi. Ukifungua plagi unaona yote: kauri iliyopaswa kuwa ya kahawia hafifu imekuwa nyeupe kabisa, ina vidonge vidogo vya chuma kilichoyeyuka, na ncha ya elektrodi imelika upande mmoja. Mwenye pikipiki anakuwa anasifia mlio. Mlio umeongezeka kweli. Kilichoongezeka ni huo mlio.

Kama kweli unataka kujua injini yako ina nini, tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu, shika gia ya tatu, iache ifike mizunguko 4,000, kisha vuta mafuta taratibu mpaka 7,000. Fanya hivyo kwa toleo la zamani na kwa jipya. Baada ya hapo ukija kwangu kulalamika nitakusikiliza. Kabla ya hapo sitaigusa katalisti yako, na hela ya kubadilisha programu ya kontroli boksi nakushauri ununulie matairi na maji ya breki.

"R1 yangu inamisi," yaani haiwaki sawasawa. Hii ni ya pili kwa kunichosha, ila haina maelezo marefu. Kuanzia toleo la 2009, Yamaha YZF-R1 ina krenki ambayo pini zake zimepishana kwa nyuzi 90, na silinda haziwaki kwa vipindi sawa: nyuzi 270, 180, 90, 180. Ule mngurumo usiolingana ndio wenyewe. Katika krenki ya kawaida ya silinda nne, pistoni zote zinasimama kwa wakati mmoja juu na chini, na mwendo wa krenki unayumba kidogo kila mzunguko. Kwa mpangilio wa Yamaha kuyumba huko kunapungua, na mkono wako unahisi vizuri zaidi tairi la nyuma linavyoshika lami. Haikuwekwa ili kuongeza hospawa, na hakuna plagi itakayoifanya iungurume kama GSX-R ya Suzuki, yenye krenki ya kawaida. Nimeshapokea R1 zilizobadilishwa plagi zote nne na koili juu yake, hela imeteketea, na injini ilikuwa nzima tangu mwanzo.

"Haifiki 300 kwa sababu ni dhaifu." Hayabusa ya kwanza, ya 1999, ilivuka kilomita 300 kwa saa. Ulaya ikaanza kutishia kuzibana pikipiki za aina hiyo, na watengenezaji wakubwa wakakubaliana kuziwekea kikomo cha kielektroniki cha 299. Ni kikomo cha programu. Injini haihusiki.

"Hizi sensa zote ni za wanaojifunza." Kifaa kinachopima mlalo wa pikipiki katika mihimili sita kinaiambia breki umelala kiasi gani kwenye kona, na breki inabanwa kwa kipimo kinachofaa. Una kilo 264 chini yako, na kwenye barabara ya Iringa ukielekea Mtera ng'ombe anavuka bila taarifa. Usizime kitu.

"Ukitoa chujio la hewa inavuta zaidi." Inavuta vumbi. Vumbi letu la Mei hadi Novemba linaingia kwenye silinda na kula kuta zake, na ukishapoteza mgandamizo hakuna programu inayourudisha. Kitabu cha pikipiki kikikupa kilomita za kubadilisha chujio, kwa mazingira yetu gawa kwa mbili.

"Oili ni oili, weka hiyo ya gari." Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano. Klachi inaanza kuteleza ukivuta mafuta, mtu anadhani gia zimekufa. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za oili ya pikipiki zenye klachi ya aina hiyo, na unene uwe ule ulioandikwa kwenye kitabu.

Ya mwisho inaua watu, kwa hiyo sitaipitia haraka. "Jua la Dodoma kali, punguza upepo tairi lisipasuke." Ni kinyume chake kabisa. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika zaidi kila linapozunguka, na kukunjika huko ndiko kunakozalisha joto. Kwenye lami ya saa nane mchana ukielekea Manyoni, kwa mwendo wa pikipiki hizi, tairi lililopunguzwa upepo linachemka kuliko lililojazwa sawasawa, nyuzi za ndani zinaachana na mpira, na hapo ndipo linapopasuka. Viwandani walishahesabu kwamba upepo utapanda tairi likipata moto, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa ni cha tairi baridi. Hayabusa ni 42 psi mbele na nyuma. Usikubali kijana wa pancha akuwekee 28 kwa sababu ndiyo anayoweka kwenye bodaboda. Nunua kipimo chako mwenyewe, na pima asubuhi kabla hujaondoka nyumbani. Ukipima ukiwa umeshafika kituo cha mafuta, tairi limeshapata joto, namba unayoiona imeshapanda, na ukipunguza ili ifike 42 umejipunja.