Limiti: h inayokaribia sifuri bila kuifikia

Limiti ni thamani ambayo hesabu inaikaribia kadiri tutakavyo, hata kama haifiki. Kalkulasi nzima, yaani hisabati ya mambo yanayobadilika, imejengwa juu yake, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wanapoanza kuogopa. Asiyeielewa hukimbilia madesa, akakremu kanuni na kuombea maswali yasibadilishwe.

Tuchukue embe. Hapa Tabora miembe haikosekani, na msimu ukifika maembe huanguka yenyewe. Embe likiachia tawi, limeshuka takriban mita 5t², t ikiwa ni sekunde tangu liachie. Sekunde 1 ikitimia limeshuka mita 5. Je, wakati huohuo lina kasi gani?

Kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Lakini katika nukta moja ya wakati hakuna umbali wala muda. Ni 0 kwa 0, na hiyo haigawanyiki. Basi tunachukua kipande kidogo cha muda. Kuanzia sekunde 1 hadi 1.1 embe linashuka mita 1.05, gawanya kwa 0.1, ni mita 10.5 kwa sekunde. Hadi 1.01 unapata 10.05. Hadi 1.001, ni 10.005. Ukianzia nyuma, kutoka 0.99 hadi 1, ni 9.95. Kote kunaelekea 10.

Kipande hicho cha muda tukiite h. Kuanzia sekunde 1 hadi 1 + h embe linashuka 5(1 + h)² − 5, yaani 10h + 5h². Hesabu inakuwa (10h + 5h²) kugawanya kwa h, yaani 10 + 5h, halafu ubaoni panaandikwa 10. Hapo mwenye kuthubutu hunyoosha mkono: "Mwalimu, umegawanya kwa h kwa sababu si sifuri. Mstari unaofuata umeifanya sifuri. Inakuwaje?"

Kwangu mimi hakuna swali zuri kuliko hilo muhula mzima. Mwaka 1734 George Berkeley, askofu wa Ireland, aliwabana wafuasi wa Newton, mmoja wa waasisi wa kalkulasi, kwa hoja hiyohiyo, tena kwa kejeli, na majibu waliyompa hayakutosheleza. Mambo yalianza kunyooka kwa Mfaransa Augustin-Louis Cauchy mwaka 1821, kisha Mjerumani Karl Weierstrass akayakaza zaidi. Anayekwama hapo si mzito wa kichwa. Anayepita bila kukwama ndiye ninayemtilia shaka.

Jibu ni kwamba h haikufanywa sifuri hata mara moja. Tumeuliza tu 10 + 5h inaelekea wapi h inapopungua. Ukitaka tofauti yake na 10 iwe chini ya 0.001, chukua h yoyote iliyo ndogo kuliko 0.0002. Mbishi akidai tofauti ndogo zaidi, naye ana h yake, na kila h iliyo ndogo kuliko hiyo itamridhisha pia. Jaribu kuweka 10.01 mahali pa 10 uone: mbishi akidai tofauti iwe chini ya 0.001, h ya 0.002 itakubali, lakini ukizidi kuipunguza unaachana na 10.01 na hurudi tena. Ni 10 peke yake inayohimili ubishi wote, ndiyo maana inaitwa limiti.

Kanuni ya mkato ya kushusha kipeo, ile inayogeuza 5t² kuwa 10t moja kwa moja, isubiri kwanza. Rudia hesabu hii kwa mkono kwa sekunde ya 2, utapata 20. Kwa sekunde ya 3 utapata 30, ingawa mwembe wa mita 45 sijauona hata hapa kwetu. Kisha acha t bila namba, na 10t itajitokeza yenyewe.