Shahada ya Fizikia Peke Yake Haikufanyi Mwalimu

Kila zinapotangazwa nafasi za ualimu, dirisha letu hapa Dodoma hupokea lalamiko lile lile: "Nina shahada ya Fizikia, shule zinalia hazina walimu wa Fizikia, mnanikataa kwa lipi?"

Hukataliwi. Unaulizwa ulijifunzia wapi kufundisha. Kukokotoa unajua; kumwelewesha mtoto wa kidato cha kwanza aliyekwama kwenye hesabu za sehemu ni kazi nyingine. Mlango upo: Stashahada ya Uzamili ya Elimu, maarufu kama PGDE, takribani mwaka mmoja, pamoja na mazoezi ya kufundisha darasani. Kozi ya wiki sita ya kwenye simu siyo PGDE, hata cheti chake kikiwa na muhuri wa dhahabu.

Njia za mkato tumeshazipita. Wazee wanawakumbuka walimu wa UPE, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, na waliofunzwa kwa wiki chache mwaka 2006 wakabatizwa "vodafasta", yaani wa harakaharaka. Wengine walikuja kuwa walimu hodari, siwabezi, ila jina lile halikuwa pongezi.

Kwa Sheria ya Elimu, Sura ya 353, anayefundisha awe amesajiliwa au ana leseni. Leseni ni ruhusa ya muda tu, naomba tuelewane.

Kabla ya kulipa ada, hakiki chuo: stashahada ya kawaida NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), shahada na kuendelea, PGDE ikiwemo, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Uliyesoma nje ya nchi, shahada yako itambuliwe kwanza na TCU, na matokeo ya sekondari yapate ulinganifu wa NECTA, Baraza la Mitihani. Fanya hayo kabla ya kuomba kazi, siyo baada ya kuitwa kwenye usaili.

Kughushi cheti ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Anayekiwasilisha akijua ni cha kughushi huhesabiwa sawa na aliyekighushi. Aprili 2017, ripoti iliyokabidhiwa ukumbi wa Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Majina yakitofautiana kwenye vyeti, rekebisha kisheria mapema. Na hati ya matokeo siyo cheti. Tunalisema hili kila siku.