Fomu ya mgonjwa wa dharura: saa, vipimo na maneno

Kitu cha kwanza kuharibika kwenye fomu ya mgonjwa, ile tunayoijaza kwenye gari la wagonjwa, ni saa. Fomu hutaka muda wa simu kupokelewa, wa kuondoka kituoni, kufika eneo la tukio, kumfikia mgonjwa, kuondoka naye na kumkabidhi. Kufika eneo na kumfikia mgonjwa ni mambo mawili. Gari likisimama chini ya jengo refu lenye lifti mbovu, dakika saba zinaweza kupita hujamgusa mgonjwa. Usipoziandika, msomaji ataona dakika saba ulizokaa naye bila kufanya lolote. Tumia saa moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana ya mkononi, ya simu na ya mashine ya moyo mara nyingi hazilingani.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Ndugu akisema baba alianza kulegea upande mmoja saa mbili usiku, fomu inataka 20:00. Mwenye haraka huandika 02:00. Kwa mgonjwa wa kiharusi hilo si kosa dogo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na ikichelewa hatari ya kuvuja damu kwenye ubongo huongezeka. Mkifika hospitali 05:00, karatasi inasema zimepita saa 3 wakati ukweli ni saa 9. Usiulize tu walimkuta hivyo saa ngapi. Uliza mara ya mwisho alionekana yuko sawa saa ngapi. Aliyeamka mdomo umepinda huhesabiwa tangu alipokwenda kulala akiwa mzima.

Vipimo. Seti moja haisemi mengi, kwa sababu anayepokea anataka kujua mgonjwa anaelekea wapi. Aliye katika hali mbaya mpime kila dakika 5, aliyetulia kila dakika 15, na upime tena baada ya kila tiba. Kipimo kinachodanganywa zaidi ni upumuaji: fomu ikionyesha pumzi 16 mara nne mfululizo, mimi huamini hakuna aliyehesabu. Hesabu kwa sekunde 30 uzidishe kwa 2, au dakika nzima kama pumzi hazina mpangilio, huku umeshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, hubadilisha anavyopumua. Oksijeni ya 96% haina maana bila kusema anavuta hewa ya kawaida au lita ngapi za oksijeni. Na aliyetolewa kwenye moshi, usimwamini yule mdudu wa kidoleni anayepima oksijeni: hawezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksidi, hivyo huonyesha namba nzuri kwa mtu anayekosa hewa.

Alama za Glasgow, zinazopima kiwango cha fahamu, ziandike kwa vipande. Macho 3, sauti 4, mwendo 6 ni 13. Macho 4, sauti 4, mwendo 5 nazo ni 13, ila huyu wa pili hafuati tena maagizo.

Kwenye maelezo, andika ulichokiona na ulichokisikia, hukumu waachie wengine. "Amelewa" ni hukumu. "Ana harufu ya pombe, anayumba, maneno hayaeleweki, sukari 2.6 mmol/L" ni taarifa, tena sukari iliyoshuka hivyo imeshaonyesha kwamba huenda pombe haihusiki kabisa. Maneno ya mgonjwa yaweke ndani ya alama za kunukuu, hata yakiwa ya ovyo. Andika na dalili ulizozitafuta ukazikosa: maumivu ya kifua yasiyokwenda mkononi wala tayani, bila jasho, bila kichefuchefu. Dawa ina jina, kipimo, njia, saa na matokeo. "Alipewa aspirini" hakumwambii daktari kama ni miligramu 75 au 300. Turniketi, mkanda wa kubana mkono au mguu ili kuzuia damu, ina saa na mahali ilipofungwa, na isifunikwe kwa blanketi, maana ikipita saa 2 misuli iliyo chini yake huanza kuwa hatarini.

Anayekataa huduma ndiye anayehitaji fomu ndefu kuliko wote, ingawa wengi humwandikia mstari mmoja na saini. Saini ya mtu ambaye sukari imeshuka haina thamani yoyote. Onyesha kwamba ni mtu mzima, yuko macho, anajua yeye ni nani, yuko wapi, ni wakati gani na nini kimetokea. Mweleze hatari kwa lugha anayoielewa, kisha mwombe azirudie kwa maneno yake. Andika vipimo vyake, au kwamba alivikataa, ushauri uliompa, kwamba anaweza kupiga simu tena, na saini ya shahidi, ambaye ni afadhali asiwe mwenzako wa zamu.

Ukishaanza kumhudumia mgonjwa ni wako mpaka apokelewe na mwenye ujuzi sawa na wako au zaidi. Kumwacha kitandani kwenye korido kwa sababu umeitwa kwingine ni kumtelekeza. Makabidhiano hayahitaji zaidi ya dakika moja: umri, saa ya tukio, kilichotokea, majeraha au dalili, vipimo vya kwanza na vya mwisho, tiba. Kisha jina na saini ya aliyempokea.

Ukikosea kuandika, kata kosa kwa mstari mmoja tu ili libaki linasomeka, andika lililo sahihi pembeni, weka herufi za jina lako na tarehe. Ulichokumbuka baadaye kiandike kama nyongeza, na saa halisi unayoiandika. Usichokifanya usikijaze. Kama kosa lilikuwa la tiba, tuseme dozi mara mbili, mwambie anayempokea mgonjwa kwa mdomo kwanza, papo hapo, karatasi ifuate.